Daftari la Shaame

Ofisini kwetu Wete, chumba cha vizazi na vifo,
faili elfu sita na mia nne,
na kila karani aliyepita hapa
alikuwa na Hamisi wake:
Khamis, Khamisi, Hamis, Hamisi,
mmoja hata kaandika Hamsi, kama hamsini iliyomegwa.

Mkuu akasema: zipangeni kabla ya Ramadhani.
Zuwena akasema: kwa mkono, tutafika Ramadhani ya pili.
Mimi nikasema, na sijui kwa nini nilisema,
niachieni mashine.

Basi n'kaanza kutafuta wa kunifundisha.

Kwanza kitabu. Kurasa mia saba,
n'kakipeleka duka la Bikombo kuchapisha;
ukurasa wa arubaini wino ukamwishia yeye, pesa zikaniishia mimi.
Thelathini za mwanzo zinasimulia
nani alikibuni chombo hiki, chumba gani, mwaka gani.
Nasaba yote ile, wala sikuja kuposa.

Kisha video. Kijana anasema kama anafukuzwa na nyuki,
na kila akimaliza jambo husema: rahisi.
Bando langu la wiki likafa saa nne usiku,
yeye bado anakaribisha watazamaji.

Kisha kozi yenye cheti. Cheti kizuri, kina muhuri wa dhahabu.
Siku ya pili n'kakaa mbele ya kioo cheusi,
kijistari kinapepesa, kinapepesa,
kama mtu aliyekuuliza jambo na hana haraka.
Cheti hakikunijibia.

Ni Zuwena aliyemkumbuka Shaame Kombo,
fundi wa mitambo ya simu, kastaafu, yuko Jadida.
Nilimkuta anamenya muhogo. Hakuniuliza nimesoma wapi.
Aliniuliza: umeshaharibu nini?
Bado sijaharibu kitu, nikasema.
Akacheka. Basi bado hujaanza.
Akaingia ndani, akatoka na daftari la skuli,
mgongo umeshonwa kwa uzi wa nyavu.

Kila ukurasa amri moja, kwa penseli.
Chini yake, kwa Kiswahili cha kwao Kojani, inafanya nini.
Na chini zaidi, kwa wino mwekundu:
*Hapa niliharibu.*
*Niliacha nafasi baada ya nyota. Bili za mwezi mzima zikaenda.*
*Hapa nilisahau alama za kunukuu,
jina la maneno mawili likageuka watu wawili.*
*Hapa sijui mpaka leo kwa nini inafanya kazi. Usiiguse.*
Ukurasa wa mwanzo una maneno mawili tu:
*Nakili kwanza.*

Kwenye daftari lile ndimo nilimojua
kwamba mashine ina mwongozo tumboni mwake,
ukiandika *man* na jina la amri inakufungulia,
bila bando, bila muhuri.
Mkavu, lakini hauongopi.
*Usome mara tatu,* Shaame kaandika pembeni.
*Mara ya kwanza utadhani unatukanwa.*

Wiki ya tatu nikaandika mstari wangu:
kila i ya mwisho wa neno, ondoa.
Hamisi awe Hamis, Khamisi awe Khamis.
Nikabonyeza. Hata chai haijapoa.
Nikafungua faili.

Ali amekuwa Al. Faki amekuwa Fak.
Marehemu Bi Siti, Mungu amrehemu, Sit.
Wingwi imekuwa Wingw, Micheweni Michewen.
Pemba nzima nimeikata mkia.

Zuwena akashika kichwa. Mimi nikashika daftari.
Nakala ipo. Iko pembeni, na i zake zote.

Jioni ile sikuirudia kazi.
Niliazima kalamu nyekundu kwa mkuu,
n'katafuta ukurasa mtupu karibu na mwisho,
n'kauandika ule mstari kama ulivyo,
na chini yake, kwa mwandiko mbaya kuliko wa Shaame:
*Hapa niliharibu.*